Vikombe viwili, mtu mmoja: kupanga picha isiyojieleza

Picha nyingi za kupangwa, yaani za kamera zinazoigizwa kama tukio, huharibiwa na mpangaji aliyeweka jibu ndani yake. Mwanamke analia, ameshika barua, kando yake fremu ya harusi imepasuka kioo. Mtazamaji abaki na kazi gani? Ondoa barua, ondoa fremu, ondoa na machozi. Bakisha meza, mwanamke na vikombe viwili: kimoja kitupu, kingine kimejaa.

Hicho kilichojaa kina kazi yake. Mimina chai ya maziwa ikiwa moto kabisa, uiache kama robo saa hadi ishike utando, ule unaojikunja ukiguswa na kijiko. Hapo mtu anajua muda umepita bila kuonyeshwa saa. Chai ya rangi haitakusaidia. Na weka kikombe mahali pake kabla ya kumimina, kwa sababu ukikisogeza baadaye utando unachanika na kujikusanya pembeni.

Mwanga wa Nairobi haukusubiri. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na kwa vile tuko karibu na ikweta, giza huingia upesi: una kama dakika 20 tu ambazo buluu ya dirishani na mwanga wa balbu vinalingana. Saa kumi na mbili kila kitu kiwe tayari. Zima taa ya dari, maana inachimba vivuli machoni. Weka balbu moja ya LED ya wati 9, yenye mwanga wa njano, kwenye taa ya mezani. Kamera iwe kwenye tripodi, ile stendi ya miguu mitatu. Anza na f/4 (uwazi wa lenzi), 1/25 (sehemu ya sekunde ambayo kamera hupokea mwanga) na ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Rangi ya mwanga iweke mwenyewe kwenye kamera, Kelvin 3200 (Kelvin ni kipimo cha rangi hiyo), kwani otomatiki hujaribu kusawazisha na kukuharibia mchanganyiko wa buluu na njano. Hiyo 1/25 nayo ina sababu: stima yetu ni Hz 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, balbu za bei rahisi hupepesa mara mbili kwa kila wimbi, mara 100 kwa sekunde, na ukipanda hadi 1/200 picha inaweza kutoka na mistari.

Mhusika usimwambie "huzunika". Atakupa uso wa mazishi. Mpe kazi ya mikono: afute meza mahali palepale, polepole, kisha atulie ukibonyeza.

Kagua ukuta. Kalenda inataja mwezi, nembo ya fulana inavuta jicho, na skrini ya televisheni itakuonyesha wewe na tripodi yako. Vitambaa vya kochi viache! Vinasema nyumba hii ina mtu anayeijali, na hilo linaongeza uchungu bila kulitaja.

Kichwa cha picha kisitoboe siri. Picha maarufu za kuigiza za Cindy Sherman, mpiga picha wa Marekani, za 1977 hadi 1980, hutambulishwa kwa namba tu. Wewe andika mahali na mwaka, basi.

Kisha waonyeshe watu watatu, kila mmoja peke yake, uwaulize kikombe cha pili ni cha nani. Wote wakijibu sawasawa, punguza kitu kimoja, urudie kesho jioni. Wote wakiinua mabega, umepunguza mno. Rudisha kimoja, labda koti la mwanamume nyuma ya kiti.