Mtambo wa RO wa jikoni na tangi la samaki: pima sehemu tatu kabla ya kununua katriji

Mtambo wa RO (reverse osmosis) wa nyumbani, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba uitwao membreni ili kuacha chumvi nyuma, umeundwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Ukiutumia kwa samaki, nusu ya hitilafu utakazokutana nazo zinatokana na hilo tu. Kisima ninachotumia, Dar es Salaam, kinasoma TDS 640 (TDS ni jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka, miligramu kwa lita), maji ambayo neoni na diskasi, samaki wa maji laini, hawayawezi. (Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa asijisumbue na RO. Wale wanataka maji magumu yenye pH ya juu.)

Mtambo wenyewe ni wa kawaida: filta ya mashapo ya maikroni 5, filta mbili za kaboni, pampu ya volti 24, membreni ya galoni 75 kwa siku, yaani kama lita 280, kisha kaboni ya mwisho na katriji ya madini. Tatizo la kwanza lilikuwa maji ya kwenye koki kusoma 210. Wengi hapo hukimbilia kununua membreni mpya. Mimi nilipima sehemu tatu kwa kipima TDS cha kalamu. Maji yanayoingia yalisoma 640, mpira unaotoka moja kwa moja kwenye membreni 28, na koki ya mwisho 210. Toa 28 kwenye 640, gawa kwa 640, unapata asilimia 95.6. Membreni nzima huzuia kati ya asilimia 90 na 98, kwa hiyo haikuwa na kosa lolote. Chumvi ilikuwa inaingia baada yake.

Mitambo mingi ya kunywa ina koki ndogo ya kurekebisha TDS. Inachepusha maji ambayo hayajapita kwenye membreni na kuyachanganya na yaliyochujwa, ili mnywaji asione maji yamepooza. Nilipoifunga, koki ya mwisho ilishuka hadi 75, na kilichobaki juu ya 28 ni kazi ya katriji ya madini. Kwa samaki, dawa ni kuweka tii (kiungo cha njia tatu) ya robo inchi baada ya valvu ya kuzuia maji kurudi, kabla ya kaboni ya mwisho na madini, na kuipa koki yake. Kama mtambo wako una hatua ya kuongeza shaba, tii si hiari: shaba inaua kamba na konokono wa tangini.

Ikiwa ni mpira wa membreni wenyewe unaosoma juu, angalia usomaji ulianza kupanda lini. Usomaji uliopanda ghafla mara baada ya kufungua chombo cha membreni ni wa oringi iliyojikunja au membreni ambayo haikusukumwa hadi mwisho. Toa, lowesha oringi kwa maji, sukuma tena kwa nguvu hadi uhisi imeingia. Uliopanda polepole kwa miezi ni wa membreni kuchoka. Tena usipime maji ya kwanza baada ya mtambo kulala: ukisimama, chumvi hupenya kidogo kidogo hadi upande safi, na dakika za mwanzo usomaji unaweza kuwa mara kadhaa ya ule wa kweli. Mwaga dakika 5, ndipo upime.

Adui mkubwa wa membreni ni klorini, na kipima TDS hakiioni kabisa. Anayejaza simtank kwa maji ya bomba, au anayetia dawa ya klorini kwenye simtank, apime klorini kwa matone ya kupimia kwenye maji ya kumwaga, yaani yale machafu yanayotoka kwa mpira wake. Maji hayo yamepita kaboni lakini hayakuvuka membreni, kwa hiyo yanakuonyesha kile hasa kinachoigusa. Yakigeuka manjano, kaboni imekwisha, badilisha leo. Kaboni mpya ichomolewe mpira unaokwenda kwenye membreni, imwage kama lita 10 hadi vumbi jeusi liishe. Membreni mpya nayo mwaga lita 20 za kwanza.

Sasa presha, ambayo ndiyo inayosumbua nyumba nyingi zetu. Kila mita 10 za kimo zinatoa kama bar 1. Simtank juu ya mnara wa mita 3 inatoa bar 0.3, na membreni inataka 3 hadi 4. Bila pampu maji yatadondoka tu, na TDS itapanda, maana chumvi huvuka kwa kasi yake ileile huku maji safi ya kuizimua yakiwa machache. Chukua jagi lenye alama na saa ya simu. Membreni ya galoni 75 ikiwa sawa hutoa karibu mililita 200 kwa dakika, na maji ya kumwaga mililita 600 hadi 800. Ya kumwaga yakipungua hadi kulingana na yale safi, kibanio kilicho kwenye mpira wa kumwaga, kinachoshikilia presha ndani ya membreni, kimeziba, na membreni itaganda chokaa muda si mrefu. Yakiwa mengi huku masafi yakikaribia kukauka, kibanio hakipo au kimepasuka. Yote mawili yakipungua, tazama filta ya mashapo kwanza. Ikiwa ya kahawia na pampu inawaka na kuzima yenyewe, swichi ya presha ndogo inaikata kwa kukosa maji.

Maji ya kumwaga yasiyokatika hata mtambo ukipumzika: funga koki zote, subiri dakika 3. Pampu ikizima na maji yakaendelea, valvu ya umeme inayokata maji ya kuingia ina uchafu. Ikizima na kuwaka kila baada ya dakika chache, valvu ya kuzuia maji kurudi inavuja. Isipozima kabisa, shuku valvu hiyo na swichi ya presha kubwa, ile inayozima pampu koki zikifungwa. Kwenye ndoo ya kukingia maji safi weka floti ndogo ya kufunga maji ikijaa.

Maji ya RO matupu usiyamimine tangini. Hayana KH (kabonati zinazozuia pH isiyumbe), na pH itaporomoka. Lita 80 za RO pamoja na lita 20 za kisima hiki zinatoa TDS 150 hivi. Kisima chenye ladha ya chumvi usichanganye, tumia madini ya kuuzwa kwa ajili ya tangi la samaki. Baking soda gramu 6 kwa lita 50 hupandisha KH kwa digrii 4, ila haiongezi kalsiamu. Yapulizie maji ya RO hewa usiku mzima kwanza, kwa sababu kaboni dioksidi ya kisimani huvuka membreni na kufanya pH isome chini kuliko ilivyo. Samaki waliozoea 640 wabadilishie maji asilimia 10 hadi 15 kwa mara moja, si zaidi.

Maji ya kumwaga hapa yanasoma kama 840. Yanafaa chooni na kudekia. Mimea ya vyungu itaungua ncha za majani.