Mayai Sikuyaona, Lakini Nilijua Yapo

Huku Malindi ndege wanangoja masika. Mvua za Aprili zikishika, nyasi zikatoa mashuke na wadudu wakawa tele, minana, ndege wadogo wasukao viota, huanza kusuka kwenye mnazi ulio mbele ya baraza yetu. Mwaka huu niliazimia kuwafuatilia tangu uzi wa kwanza hadi makinda, bila kugusa kiota.

Kwanza nilimwendea mkwezi. "Shikamoo mzee. Naomba mnazi huu usiukwee mpaka makinda waruke."

"Marahaba. Hao minana wanachana makuti yote, nawe wawatetea?" Alinung'unika, lakini tukaelewana aanze na minazi ya nyuma.

Kazi kubwa ilikuwa kunguru. Hawa wa Bara Hindi hula mayai na makinda, na wamezidi Pwani nzima hata KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwaka 2024 ikatangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Mimi niliangalia tu kinachowaleta kwetu: matumbo ya samaki yanayotupwa uani. Tukaanza kuyafukia, na pipa la taka likapata kifuniko. Kunguru hawakuisha, ila waliacha kushinda juu ya paa letu.

Baada ya hapo ni kukaa. Kila asubuhi mahali pale pale barazani, na darubini, bila kuinuka ovyo, hadi ndege wakanizoea. Dume ni wa manjano, kichwa kimeiva rangi ya chungwa. Anauma ukingo wa ukuti, anaruka nao, na uzi mrefu unabanduka. Anaanza kwa kufunga pete, kisha anaijenga pete hiyo hadi iwe chumba. Kikiisha, anajitundika mlangoni huku akipigapiga mabawa kumwita jike. Jike huingia akavutavuta nyuzi, kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi. Kiota kimoja majike walikipita tu, kikakauka, na dume akakifumua mwenyewe.

Mayai niliyajua kwa mwendo wa jike. Alikuwa akiingia na mashuke laini ya kutandika ndani. Mara akaacha kubeba chochote, na akiingia hatoki upesi. Alikuwa anaatamia. Baada ya wiki mbili hivi akaanza kuleta wadudu mdomoni, na chini ya mnazi nikaokota kipande cha ganda, chembamba kuliko karatasi.

Subira ya namna hii ina kazi. Yupo mnana wa Clarke, ambaye duniani kote anajulikana katika kaunti yetu ya Kilifi tu. Wanasayansi walimwandika mwaka 1913, lakini kiota chake hakikupatikana hadi 2013, kwenye vinamasi vya msitu wa Dakatcha, upande wa Marafa. Miaka mia!

Makinda waliporuka nilimpigia mkwezi simu, akaja kuangua nazi zake. Masika yajayo, Mungu akipenda, nataka nifike Dakatcha.