Isaac Rosenberg, mchoraji aliyeingia handakini na penseli

Kazi yangu ni kuchora mabango hapa Tanga: majina ya majahazi, milango ya maduka, ubavu wa basi. Wanaosoma mashairi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huanza na mshairi Mwingereza Wilfred Owen, na wana haki. Mimi moyo wangu uko kwa Isaac Rosenberg, kwa sababu ya kifundi kabisa. Yeye alikuwa mchoraji kabla ya kuwa askari, na jicho lile hakuliacha nyumbani.

Alizaliwa Bristol mwaka 1890, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohamia Uingereza kutoka Lithuania, akakulia mashariki ya London katika ufukara. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa wachonga mabamba ya kuchapia picha, kazi aliyoichukia. Baadaye wanawake watatu walimlipia ada ya chuo cha sanaa cha Slade. Mwaka 1914 mapafu yalimsumbua, akaenda Cape Town kwa dada yake kutafuta hewa nzuri, na habari za vita zikamkuta huko. Aliporudi London mwaka uliofuata hakuwa na kazi wala fedha. Oktoba 1915 akajiandikisha jeshini.

Hapa ndipo ninapomheshimu. Katika barua zake alisema wazi kwamba hakujiunga kwa uzalendo, na kwamba hakuna kinachoweza kuhalalisha vita. Alichokuwa nacho mawazoni ni posho ambayo mama yake angelipwa mwanawe akiwa askari. Kwa kuwa alikuwa mfupi, walimtia katika kikosi cha wale ambao hawakufikia futi 5 na inchi 3. Buti zilimchubua miguu, na Uyahudi wake ulimletea kuonewa. Cheo hakupata hadi kufa.

Ukiyajua hayo, mashairi yake yanafunguka. Owen alikuwa ofisa. Aliteseka sana, hilo halina ubishi, lakini mwaka 1917 alipata miezi ya hospitali kule Craiglockhart, Edinburgh, akakutana na mshairi mwenzake Siegfried Sassoon, wakakaa pamoja kurekebisha rasimu. Katika mashairi yake Owen anawatazama vijana aliowaongoza na kuwahurumia. Rosenberg hakuwa na vijana wa kuwaongoza. Aliandika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi, akavituma London dada yake Annie avipige chapa. Anachokiona ni kile kilicho mbele ya mkono wake.

Na mbele ya mkono wake kuna panya. Shairi lake la alfajiri handakini, alilotunga mwaka 1916 na kuchapishwa Desemba mwaka huo katika jarida la Poetry la Chicago, ni la tukio dogo mno. Askari ananyoosha mkono kuchuma ua jekundu la mpopi ukingoni mwa handaki ili alichomeke sikioni, panya anaruka juu ya mkono ule. Anamwambia panya kwamba amegusa mkono wa Mwingereza na punde atakwenda kugusa wa Mjerumani, na wenyewe wakijua wangempiga risasi kwa kupenda pande zote mbili. Mwishoni tunaambiwa ua liko salama sikioni, limeingia weupe kidogo wa vumbi. Nyekundu, kisha vumbi jeupe juu yake! Anayeshinda na brashi anajua kwamba mstari huo umeandikwa na mtu aliyefundishwa kuitazama rangi hadi aione inabadilika. Vina hakuna, na sisi tuliolelewa na vina na mizani tutaona upungufu mwanzoni. Mimi sasa siuoni.

Mwaka 1917 alipewa kazi ya kusafirisha seng'enge usiku hadi mstari wa mbele. Mei mwaka huo alimwandikia rafiki yake Edward Marsh kwamba ametunga mistari iliyotokana na kubeba waya kwa mikokoteni na kupita juu ya maiti waliotapakaa njiani. Mistari hiyo ndiyo shairi la Dead Man's Dump. Magurudumu yanayumba juu ya wafu na mifupa inavunjika, wao hawaumii tena. Kisha kuna majeruhi aliye karibu kukata roho, anasikia mikokoteni ikija, anaita. Inapomfikia, gurudumu linaparuza uso wa mtu aliyekwisha kufa. Aliyeandika haya alikuwa ndani ya msafara ule. Hajitoi. Hilo ofisa aliyetazama kutoka pembeni asingeliandika hivi, naamini.

Alikuwa amemwambia mshairi Laurence Binyon, kwa barua, kwamba vita hii na uharibifu wake wote haitautawala ushairi wake. Aliuawa alfajiri ya Aprili 1, 1918, karibu na Arras, Ufaransa, akiwa na miaka 27. Siku chache kabla alikuwa amemwandikia Marsh barua ya mwisho, na ndani yake shairi.

Anayetaka kumsoma aanze na Louse Hunting, ni fupi: askari uchi wanawasaka chawa kwenye mwanga wa mshumaa, vivuli vyao vinarukaruka ukutani kama mashetani. Chora taswira hiyo kwanza kwenye karatasi, hata kwa mkono mbaya, ndipo uende kwenye mikokoteni.