Kesho Imani anatolewa mafindofindo

Jumapili usiku, Umoja

Imani amelala, nami niko kando yake namsikiliza. Anakoroma, kisha kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti. Mara anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu na kuikunja shingo nyuma. Ana miaka mitano. Atakayeniambia tena kwamba mtoto akikoroma ndiyo amelala fofofo, nitamkalisha hapa asikilize mwenyewe.

Daktari wa masikio, pua na koo alituonyesha: mafindofindo yamekaribia kugusana, na nyuma ya pua tezi ya adenoidi imevimba. Akiwa macho, misuli huiacha njia wazi. Usingizi ukimchukua, misuli inalegea, njia inaziba, na ubongo unalazimika kumzindua ili apumue. Usiku kucha hivyo. Halafu mchana mwalimu anasema hatulii darasani! Mtoto asiyelala vizuri mara nyingi hasinzii kama sisi wakubwa, anakuwa mtundu.

Baba Imani ana ugonjwa huo huo. Alipopimwa usingizini, pumzi ilikuwa ikikatika zaidi ya mara 30 kwa saa, na kwa mtu mzima hicho ni kiwango kikali. Lakini yeye alipewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Anaichukia. Kila mara ananiuliza, "Mama Imani, mbona mtoto akatwe apone, mimi nifungwe mipira usoni?"

Nimesoma sana juu ya hilo. Koo la mtoto ni dogo na tezi zake ni kubwa, hivyo zikitolewa, mara nyingi tatizo huondoka. Koo la mtu mzima huweza kuziba kwenye kaakaa, kwenye shina la ulimi na kwenye kuta zake, yote kwa pamoja. Mwaka 1981 daktari Fujita wa Marekani alieleza upasuaji wa kupunguza kaakaa laini na kimio, na mwaka huo huo Colin Sullivan wa Australia akaeleza mashine ya hewa. Mashine ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza, maana kukata kaakaa hakumsaidii kila mtu. Kuna pia upasuaji wa kusogeza taya zote mbili mbele. Huo hufanikiwa zaidi, ila mifupa yenyewe hukatwa. Nataka mume wangu azeeke nami. Avae barakoa.

Shosho alitaka Imani akapumzike kwake Nyeri. Nimemwomba kwa heshima aje yeye huku. Vidonda vya koo huweza kutoa damu siku ile ile, au wiki moja baadaye utando mweupe unapobanduka, kwa hiyo tutakaa karibu na hospitali wiki mbili. Amekubali, na atamsaidia kunywa maji na uji uliopoa hata akilia. Akitema damu mbichi, hata iwe saa nane za usiku, tunaondoka saa hiyo hiyo.