Majuma Matatu Bila Jina

Binti yetu wa kwanza alizaliwa mjini Kisumu mnamo Januari 2012, saa sita na dakika chache mchana, katika lile joto ambalo mkazi wa mji huo hahitaji kusimuliwa. Alizaliwa kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango, na kile kitambo cha kusubiri kilio kilinichosha kuliko usiku mzima wa uchungu uliotangulia. Nesi alipotoka na fomu akaniuliza jina la mtoto, nilimwomba aiache wazi nafasi hiyo, kwa kuwa mke wangu nami tulikuwa tumeliahirisha suala hilo kwa miezi mingi, tukidhani kwamba tukishauona uso wa mtoto jina litajileta lenyewe.

Halikujileta. Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili mtaani Migosi, katika ploti ambamo kila mwanamke alijulikana kwa jina la mtoto wake, na majirani walipokuja kumwona mzazi walibaki wakimwita mke wangu "Mama Toto", nami "Baba Toto", kwa sauti ya watu wanaongojea kurekebishwa. Kabla ya hapo sikuwa nimetambua kwamba mtoto asiye na jina huwaacha wazazi wake pia bila jina. Jina la ubatizo ndilo lililokuwa jepesi: mama zetu wote wawili ni Wakatoliki, na Maria hakupingwa na yeyote.

Mimi ni Mbukusu wa Webuye. Mke wangu ni Mjaluo wa Kano, karibu na Ahero. Nilitaka mtoto aitwe Nanjala, jina la kukhu, yaani nyanya yangu aliyenilea, ambaye kila nilipotoka shuleni alinifukulia kiazi kitamu kutoka kwenye jivu la moto na kukipiga-piga kwenye kiganja hadi kipoe. Kosa langu lilikuwa kueleza maana. Nilimwambia mke wangu kwamba kwetu Nanjala ni msichana aliyezaliwa wakati wa njaa, naye akaweka chini kikombe cha uji wa wimbi na kunitazama.

"Kwa hiyo, Mwalimu, nikimwita mtoto wangu kutoka uani, nitakuwa naita njaa?"

"Utakuwa unamwita kukhu," nilimjibu.

Yeye alitaka Awino, jina wanalopewa wasichana wa Kijaluo waliozaliwa kama alivyozaliwa wetu, na kamba ya kitovu ikiwa imewazunguka. Kwake lilikuwa jina la ushindi, na tena shangazi yake aliyemlipia karo ya sekondari aliitwa hivyo. Lakini nilipolisikia, mimi nilirudi nje ya ule mlango, nikisubiri kilio. Nilimwambia wazi kwamba sitaweza kulitamka kila siku. Tulibishana kwa siku kadhaa, kwa upole mwanzoni na baadaye kwa kununa, na nilichukua muda mrefu kuelewa kilichokuwa kikitendeka: kila mmoja wetu, katika jina la upande wake, alimsikia mtu aliyempenda, na katika jina la upande wa pili alisikia tafsiri tu.

Mama mkwe alifika katika juma la pili na kuku mmoja na mchele wa Ahero. Kwa mila ya Wajaluo, mama hatakiwi kulala nyumbani kwa mkwewe, na hata kwetu Bukusu mambo hayo yana heshima yake, basi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso ukielekea uani, akanisalimu kupitia kwa bintiye, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kupanda matatu ya kurudi. Hakutuchagulia jina. Alichofanya, mtoto alipoanza kulia, ni kumpakata na kuyataja polepole majina ya marehemu wa ukoo wake, moja baada ya jingine, kwani inaaminika kwamba mtoto anayelia bila kukoma anadai jina la mmoja wa wahenga, na atanyamaza likitajwa. Mtoto alilia hadi majina yakaisha.

Usiku wa manane wa siku hiyohiyo nilijaribu mwenyewe. Mke wangu alikuwa amelala kwa uchovu, nami nilitembea na mtoto begani kati ya meza na mlango, nikitaja wahenga wa Webuye wote ninaowajua, na hata wachache ambao sikuwa na hakika kama walikuwa wa kwetu. Majina yaliponiishia nilianza kutaja, kama makanga, vituo vya barabara ya kwenda nyumbani: Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Kakamega, Malava, Webuye. Alinyamaza nilipofika Webuye. Asubuhi nilimsimulia mke wangu, naye akacheka hadi akashika tumbo, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotufungua.

"Hebu niambie," alisema, "achana na kukhu kidogo. Mtoto aliyezaliwa Januari, kwenu anaitwaje?"

Nikamwambia kwamba aliyezaliwa wakati wa kiangazi huitwa Nasimiyu. Ninakiri kwamba jina hilo lilikuwa halijanipitia akilini hata mara moja, kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika kumtetea kukhu. Alilirudia mara mbili kwa sauti ya chini, kisha akaenda kwenye dirisha la jikoni na kuita kwa nguvu, kama mtu anayemwita mtoto aje kula: "Nasimiyuuu!"

"Ameenda wapi?" jirani aliyekuwa akifua nguo aliuliza kutoka uani.

Mke wangu aligeuka akitabasamu. Nami nikamuuliza kuhusu saa sita mchana, ingawa jibu nililijua, kwa maana nimefundisha akina Achieng' wengi, wote waliozaliwa jua likiwa juu. Kiangazi kwetu, jua kwao. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na kila mmoja alikuwa amelipenda zaidi jina lililotoka upande wa pili.

Mabibi hawakutusikiliza kikamilifu. Mama yangu humwita Nanjala hadi leo na mama mkwe humwita Awino, na mtoto huwaitikia wote wawili bila kuuliza.

Sheria inatoa miezi 6 ya kuandikisha kizazi, nasi tulikwenda mwezi wa tatu. Cheti kilipotoka, tulikisoma tukiwa tumesimama kivulini nje ya ofisi: Maria Achieng Nasimiyu, bila ile alama ya juu inayofanya ng' isikike kama katika ng'ombe. Nilitaka kurudi dirishani kulalamika. Mke wangu aliitazama foleni, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwangu, akakikunja cheti.

"Twende, Baba Nasimiyu," alisema. "Jua kali."