Nilivyobadilisha geji na taa za tahadhari kwenye mashua ya tanga

Mashua ninayoiongoza ni ya faiba, ya tanga, na hutia nanga ndani ya hori ya Kilifi. Ina injini ya dizeli ya silinda mbili inayopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, haina rejeta. Anayepita mlango wa Kilifi anajua kwa nini injini hiyo siichukulii kwa wepesi: miamba iko kulia na kushoto, na upepo ukikatika hapo, tanga halikusaidii kitu. Aliyeshika sukani wakati huo macho yako mbele, hayako kwenye dashibodi.

Dashibodi ya zamani ilikuwa na taa tatu na baza, yaani king'ora kidogo cha umeme, basi. Jua lilikuwa limefubaza vioo, mchana hujui taa imewaka au imezima, na baza ilishaliwa na chumvi. Nikaamua kuing'oa yote. Nilitaka mshale wa kunionyesha hali inavyobadilika polepole, na pamoja nao taa yenye mlio wa kunigutusha nikiwa siangalii. Taa huwaka mambo yakishaharibika. Mshale nao hauna faida ikiwa hakuna anayeutazama.

Kazi yenyewe iko kwenye sensa, kile kifaa kinachofungwa kwenye injini kupima, kuliko kwenye geji. Bloku ya injini yetu ina tundu moja tu la presha ya oili, na lilikuwa limekaliwa na swichi ya taa. Ukitoa swichi ukaweka sensa ya geji, unapata mshale unapoteza mlio. Wako wanaofunga kiungo cha T ili vikae vyote viwili, lakini sikupenda mzigo ule uning'inie kwenye injini inayotetemeka. Nikatafuta sensa ya kampuni ya VDO yenye vichwa viwili vya kufungia waya: G huenda kwenye geji, WK huenda kwenye taa na baza. Sensa hiyo hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia meno yake ya kukazia kwenye bloku, kwa hiyo usiizungushie tepu nyingi ya bomba, mshale utayumba.

Ukinunua, uliza omu, kipimo cha ukinzani wa umeme ndani ya sensa. Sensa za oili za Ulaya huwa omu 10 presha ikiwa sifuri, zikapanda hadi 184. Za Kimarekani huanza 240 zikashuka hadi 33. Ukifunga sensa ya Kimarekani kwenye geji ya Ulaya, mshale utaonyesha presha imejaa na injini imezimwa.

Sensa ya joto niliipima jikoni. Niliishikilia kwa waya, ncha yake ndani ya sufuria ya maji, kipimajoto kando, mita ya omu mkononi. Nyuzi 60 ikasoma omu 134 hivi, nyuzi 80 ikashuka hadi 70 hivi, na maji yalipotokota ikafika 38. Ndivyo inavyotakiwa.

Swichi ya mlio wa joto ilinisumbua kuipata. Injini ya maji ya bahari hufanya kazi kwenye nyuzi 50 hivi, kwa sababu maji ya chumvi yakipita 60 huanza kujenga ukoko kwenye njia zake. Swichi nyingi madukani ni za injini zenye rejeta, hufunga saketi na kuliza baza karibu na nyuzi 95. Kwetu, ikifika hapo injini imeshaumia. Niliagiza ya nyuzi 60 na ushei, nikaisubiri.

Fundi umeme aliyekuja kunisaidia akaniambia, "Nahodha, taa zote tutie LED, hazili betri." Za oili na joto tukatia. Ya chaji nikamwambia, "Hiyo kaka tuiache ya balbu." Mkondo unaopita kwenye taa ya chaji ndio unaoiamsha alternata, mashine ya kuchaji betri, injini ikiwaka. LED hupitisha mkondo mdogo mno, alternata inaweza kubaki imelala. Tukaweka balbu ya wati 3, na tulipowasha, voltimita ikapanda kutoka 12.6 hadi 14 na ushei. Waya zote ni zilizopakwa bati. Shaba tupu baharini haidumu.

Nilichoongeza mwisho ndicho ninachokithamini zaidi: sensa ndogo inayofungwa juu ya hosi ya ekzosi. Maji ya kupoza yakiacha kupita, hosi hupata moto kabla ya bloku. Msimu huu wa kusi nailoni ilinasa kwenye tundu la kuingizia maji tukiwa tunarudi ndani. Baza ikalia, nikazima injini, vijana wakatweka tanga, na upepo wa nyuma ukatupeleka hadi mahali pa kutia nanga. Nilipotazama geji ya joto, mshale ulikuwa haujafika 60. Impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji, tuliitoa nzima, haina hata jino lililokatika.