Mpiga picha alisimama wapi? Kumbukumbu ya albamu yangu ya vyombo vya anga

Mwanzo

Chanzo cha yote ni mpwa wangu. Ana miaka tisa. Nilikuwa namwonyesha picha ya Cassini ikikatiza juu ya pete za Zohali: chombo kinametameta dhahabu, pete zimetandazwa nyuma yake kama mkeka, injini inatema mwanga wa bluu. Akaitazama, akainamisha kichwa.

"Mjomba, aliyepiga hii alikuwa amesimama wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, ila lilinitia aibu. Hakuna aliyepiga. Cassini iliizunguka Zohali kuanzia mwaka 2004 hadi 2017, na kwa miaka yote hiyo haikuwepo kamera nyingine huko ya kuitazama. Kila picha ya Cassini ikiwa Zohali ni mkono wa mchoraji. Na mimi nina folda ya picha 312 za vyombo vya anga, nimezikusanya miaka na miaka, wala sikuwahi kuziuliza swali hilo.

Basi naanza upya. Albamu mpya, na daftari la kuandikia. Chombo kiwe kimekwisha kuondoka ardhini, picha iwe imepigwa na kamera, na daftarini pawe na safu inayoitwa "Ilisimama wapi". Nisipoweza kuijaza safu hiyo, picha haiingii.

Wiki ya kwanza

Kuchuja. Kazi ya kuchosha kuliko nilivyodhani, maana mashirika ya anga huandika chini ya mchoro kwamba ni mchoro, lakini picha ikishasambazwa mara tatu maelezo yanabaki njiani.

Polepole jicho limezoea. Picha ya kweli kwa kawaida haina nyota. Chombo kinachopigwa na jua angani kinawaka kama ukuta wa chokaa saa sita mchana, na kamera ikijipima kwa mwanga huo nyota zinapotea kabisa. Nikiona chombo kinang'aa na nyuma yake nyota zimemwagwa kama mchanga, najua hapo kuna brashi. Kivuli nacho husema. Chombo kilicho mbali na sayari hakina kitu cha kukirudishia mwanga, kwa hiyo upande wa gizani ni mweusi tii. Wachoraji hawapendi weusi huo, huuwekea mwanga kidogo ili tuone vifaa.

Zilizobaki: 88 kati ya 312.

Wiki ya pili

Nimepanga kwa sayari, na daftari limeanza kusikitisha. Zohali: sifuri. Mshtarii, ambako Galileo ilikaa 1995 hadi 2003 na Juno iko tangu 2016: sifuri. Zuhura, ambako Magellan ilifanya kazi ya rada kuanzia 1990 hadi 1994: sifuri.

Lakini Magellan na Galileo zina bahati ambayo Cassini haikuipata. Zote mbili zilipelekwa juu mwaka 1989 ndani ya chombo cha Atlantis, moja Mei, nyingine Oktoba, na wanaanga waliziachilia kwa mkono wao, wakazipiga picha zikiondoka. Kwa hiyo ninayo Magellan halisi, imening'inia juu ya mawingu ya Dunia, na lile dishi lake kubwa jeupe, ambalo kwa kweli lilikuwa la akiba la vyombo vya awali, Voyager. Ya Galileo ndiyo naipenda zaidi. Antena yake kuu iko pale juu, imekunjwa kama mwavuli. Walipojaribu kuifungua Aprili 1991 baadhi ya mbavu ziling'ang'ania, haikufunguka sawasawa hadi mwisho wa safari. Kwenye picha bado haijajulikana. Mwavuli umefungwa vizuri, kila mtu ana matumaini.

Daftarini: "Ilisimama wapi: dirishani, Atlantis."

Wiki ya tatu, imeliwa na nukta

Mtu alinitumia ile picha ya Dunia iliyofunikwa na nukta nyeupe kama inzi kwenye kidonda, kila nukta ikiwa setilaiti au takataka ya angani, akaniuliza kama roketi zinapitaje humo. Nikaamua kuipima badala ya kubishana.

Kwenye kioo changu tufe la Dunia lina upana wa pikseli 1,000. Kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,742, kwa hiyo pikseli moja ni karibu kilomita 13. Nukta moja ina pikseli tatu kwa tatu. Maana yake setilaiti hiyo ina upana wa kilomita 38! Kituo cha Kimataifa cha Anga, kikubwa kuliko vyote vilivyo juu, kina upana wa mita 109. Kukichora kwa kipimo cha haki ningehitaji pikseli moja niigawe vipande zaidi ya mia, nichukue kimoja.

Mahali pa nukta ni pa kweli, panatokana na vipimo vya rada na darubini. Ukubwa ndio wa kubuni. Na hapohapo nimegundua kitu kingine: kituo hicho kiko juu kilomita 400 tu, yaani pikseli 31 kutoka ukingo wa tufe. Kimeikumbatia Dunia. Setilaiti za televisheni, zilizo kilomita 35,786 juu, ziko pikseli 2,800 kutoka hapo, nje ya kioo, nje ya meza pengine.

Sina ugomvi na wachoraji wa nukta, mchoro usioonekana haumsaidii mtu. Nimewafungulia folda yao. Lakini nikitaka kumwonyesha mtu takataka za angani, sasa natoa picha moja tu: kipande cha roketi ya Japani iliyorushwa 2009, kirefu mita 11 hivi, uzito wa tani tatu, kilichofuatwa na kupigwa picha kwa karibu mwaka 2024 na chombo kidogo kiitwacho ADRAS-J. Kimetulia tuli, peke yake, Dunia nyuma yake.

Wiki ya nne hadi ya sita: vyombo kupigana picha

(Kupigana picha, si kupigana.)

Hapa ndipo mradi ulipokolea. Nilijiuliza: kama sayari ina vyombo viwili kwa wakati mmoja, si kimoja kingeweza kukipiga kingine? Kimewahi. Aprili 2005, Mars Global Surveyor, ikiwa inaizunguka Mirihi, ilikipiga picha chombo cha Ulaya, Mars Express, kutoka kilomita 250 hivi. Siku iliyofuata ikaipiga Mars Odyssey, mara moja kutoka kilomita 90, mara nyingine 135. Kabla ya hapo hakuna chombo kilichokuwa kimepigwa picha na mwenzake wakiizunguka sayari ngeni. Ukiziona utacheka. Mars Express ni mstari mweupe tu gizani. Nimeutazama mstari ule muda mrefu kuliko nilivyowahi kuutazama mchoro wowote.

Kisha Mwezi. Januari 14, 2014, chombo cha LRO, kinachouzunguka Mwezi, kilikipiga picha chombo kingine kidogo, LADEE, kilichopita kilomita 9 chini yake. Hii imenichukua jioni tatu kuielewa, kwa sababu LADEE inaonekana imepinda, imelala upande, kama karatasi iliyosogezwa wakati mashine ya kunakili bado inasoma.

Na mfano huo wa mashine si mbali na ukweli. Kamera ya LRO haipigi fremu nzima kama ya simu. Ina safu moja ya vihisi, na inachora picha mstari kwa mstari kadiri chombo kinavyosonga mbele. Kwa ardhi ya Mwezi inafaa sana, ardhi haikimbii. Lakini LRO hupita juu ya ncha za Mwezi na LADEE ilifuata ikweta, njia zinakatana kama msalaba, na kila kimoja kilikuwa kinakwenda karibu mita 1,600 kwa sekunde. Mstari mmoja huchukua milisekunde 0.338. LADEE ilikatiza mbele ya kamera kwa mistari minne, basi. Kila mstari uliikuta imeshasogea. Nilikata karatasi vipande vinne, nikachora kisanduku juu yake, nikasogeza kila kipande kidogo kuelekea kulia, na pale mezani LADEE ikatokea jinsi ilivyo kwenye picha.

Machi 2024 LRO ikafanya tena, mara hii kwa Danuri ya Korea Kusini. Njia zao zilikuwa sambamba, ila wakikimbia kuelekeana, jumla ya mwendo kilomita 11,500 kwa saa. Nafasi tatu, umbali wa kilomita 5, 4 na 8. Danuri imevutika mara kumi ya urefu wake, imekuwa kama ubao mwembamba juu ya vumbi la kijivu. Ukitaka kisasi, mwaka mmoja kabla yake Danuri ilikuwa imekwisha kuipiga LRO.

Nilimwonyesha mpwa wangu zote tatu. Ya Danuri aliigeuza simu kulala, akaigeuza kusimama. "Hii imeharibika." Nikamwambia haikuharibika, imepigwa mbio. Akauliza nani alikuwa anakimbia zaidi. Swali zuri, nimejibu vibaya, nitalirudia.

Mchepuko mfupi

Vipo vyombo vilivyochoka kusubiri mpiga picha vikajipiga vyenyewe. IKAROS ya Japani mwaka 2010 ilirusha kamera ndogo ya sentimita 6 hivi kwa springi, kamera ikageuka ikaipiga tanga lake la mita 14 kwa 14 likiwa limekunjuliwa, kisha ikapotelea huko. Tianwen-1 ya China nayo iliiachilia kamera ikiwa Mirihi, na picha iliyotolewa Januari 1, 2022 inaonyesha chombo kizima juu ya theluji ya ncha ya kaskazini. Hii ni moja ya chache sana zinazofanana na michoro niliyoitupa, na niliikataa mara mbili kabla ya kuamini.

Orion, Novemba 2022, kamera ikiwa kwenye ncha ya bawa la sola: chombo, Mwezi na Dunia pamoja, zaidi ya kilomita 430,000 kutoka nyumbani. Imeingia. BepiColombo kwa Zebaki imeingia pia, ingawa inaonyesha antena na kipande cha mwili tu. Nilisita, lakini mkono wa mtu kwenye picha ni mtu.

Darubini ya anga ya Webb imekataliwa kwa picha zote za baada ya Desemba 25, 2021, siku iliyorushwa. Kamera ya roketi iliyoipeleka iliipiga ikiondoka, paneli ya sola ikifunguka, na haikuwekewa kamera ya kujitazama. Ile ya rangi ya zambarau na kioo kama sega la nyuki ni mchoro, na najua itawauma wengi.

Wiki ya nane: zamu yangu

Nimekusanya za wengine vya kutosha. Nataka moja iliyosimama nilipo.

Mpango ni kukinasa Kituo cha Kimataifa cha Anga kikikatiza mbele ya Mwezi. Darubini ya fokasi ya milimita 1,200, kamera nyuma yake, video ya fremu 60 kwa sekunde. Kukatiza kwenyewe hakuzidi sekunde moja, na njia ambayo tukio linaonekana ardhini ina upana wa kilomita chache tu. Ukisimama nje yake unaupiga Mwezi.

Niliupiga Mwezi. Dakika nne za Mwezi mzuri, mtulivu, mtupu. Kosa ni langu: takwimu za obiti nilizotumia zilikuwa za siku kumi nyuma. Kituo huvutwa na hewa nyembamba iliyoko huko, hushuka kidogokidogo, na mara kwa mara injini huwashwa kukiinua tena. Sekunde chache za tofauti zinatosha kukuacha mkono mtupu.

Wiki ya kumi na moja

Takwimu za asubuhi ileile. Njia ilipita kilomita nne kutoka nyumbani, nikajikuta nyuma ya goli la uwanja wa mpira saa kumi na moja alfajiri, umande umelowanisha miguu ya stendi, lenzi naifuta kwa ncha ya shati, kosa ambalo wapiga picha wenzangu hawatanisamehe. Nilianza kurekodi dakika moja kabla. Kwa macho sikuona kitu. Nikadhani nimekosa tena.

Nyumbani nikasogeza video fremu moja moja. Fremu 41 ninazo. Mwezi una upana wa pikseli 950 na kituo kina pikseli 19, kinakatiza kuanzia chini kushoto kama mdudu juu ya sahani. Hakuna rangi, hakuna dhahabu. Kwenye fremu ya 23 hewa ilitulia kidogo, na mabawa ya sola yakajitenga pande mbili na mwili ukabaki katikati.

Picha ya 89. Chombo: Kituo cha Kimataifa cha Anga. Umbali: kilomita 600 hivi. Ilisimama wapi: nyuma ya goli la upande wa barabara, hatua sita kutoka mlingoti wa kushoto.